Picha ya Mtu si Karatasi Tupu

(Hotuba iliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Mkolani, Mwanza)



Mgeni anayepokewa katika nyumba ya Mkolani, iwe ile iliyo kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga au ile iliyopanda mlimani katikati ya majabali, hukaribishwa kitini, na aghalabu kabla chai haijaletwa huwekewa albamu mapajani. Desturi hiyo imepunguzwa na simu za mkononi, lakini haijafutika. Albamu ni namna ya kumwambia mgeni kwamba hawa ndio watu wa nyumba hii. Humo ataona harusi na ubatizo, kijana aliyevaa sare ya Jeshi la Kujenga Taifa, mzee aliyesimama wima mbele ya pazia la studio lililochorwa maua, na mtoto aliyekalishwa juu ya zulia. Mwenye nyumba atamtajia mgeni majina yao mmoja mmoja. Akifika kwa wengine, sauti yake hushuka, kwa kuwa wamekwisha kufa.

Sasa yafaa kuuliza: mtu asiyekuwa wa nyumba hiyo ana haki gani ya kuichukua picha kama ile, kuikata kwa mkasi, kuibandika pamoja na nyingine, kisha kuitundika ukumbini ili itazamwe na watu wasiomjua yule aliyepigwa? Swali hili si la kubuni. Katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki na Kongo, wapo wasanii ambao malighafi yao si rangi wala udongo, bali ni picha za watu binafsi zilizookotwa, zilizorithiwa au zilizokutwa ghalani. Wengine huzikata na kuzibandika pamoja hata zikawa picha mpya. Sanaa hiyo huitwa kolaji. Wengine huzipanga chumbani pamoja na taa, masanduku na vitu vingine, mtazamaji akaingia ndani ya kazi yenyewe kama aingiavyo nyumbani kwa mtu. Hiyo huitwa instalesheni. Wapo wanaowasifu wasanii hao kuwa ni walinzi wa kumbukumbu, na wapo wanaowaona kuwa ni wanyang'anyi wa makaburi. Pande zote mbili zina jambo la kusema.

Kwanza hapana budi kuondoa dhana kwamba kuchezea picha ni jambo geni lililoletwa na watu wa mbali. Huko Lamu, katika pwani ya Kenya, aliishi mpiga picha aliyeitwa Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Bakor aliunganisha negativu zaidi ya moja katika chumba chake cha giza, akamweka mteja mahali ambapo kwa kweli mteja huyo hakuwahi kukaa. Hakuna aliyemlaumu kwamba amesema uongo, maana kila mtu mjini alijua kuwa picha ile ni pambo na mzaha mzuri. Tena mteja mwenyewe ndiye aliyekuja kwa miguu yake, akalipa, akaichukua picha na kwenda nayo nyumbani. Hilo la mwisho ndilo la kutiliwa maanani. Mkasi wa Bakor ulifanya kazi kwa ridhaa ya mwenye uso.

Mambo huwa magumu pale ambapo mwenye uso hakuulizwa. Mfano ulio karibu zaidi na watumishi wa umma watokea Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2011 mpiga picha wa Kiitaliano, Martina Bacigalupo, aliyekuwa akiishi Bujumbura, aliona katika studio moja ya mji huo, iitwayo Gulu Real Art Studio, picha za ajabu. Ndani yake mtu ameketi vizuri kitini, mikono imetulia mapajani, nguo zimenyooshwa. Lakini mahali pa uso pana tundu la pembe nne. Kila picha ilikuwa hivyo. Kulikuwa na wanawake, wazee, askari, na mama aliyempakata mtoto, na wote hawakuwa na nyuso.

Sababu yake haikuwa uchawi wala ukatili. Ilikuwa ni hesabu ya fedha. Mashine ya studio ya kutolea picha za vitambulisho ilikuwa ikitoa picha nne kwa mara moja, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Ilikuwa rahisi zaidi kumpiga mtu picha moja ya kawaida, kisha kuukata uso peke yake kwa kipimo kinachotakiwa. Uso ukaenda kubandikwa kwenye fomu ya mkopo, leseni au kitambulisho. Kiwiliwili kikabaki studio.

Bacigalupo alivikusanya viwiliwili hivyo, akazungumza na wateja juu ya sababu zilizowafanya wahitaji picha, na mwaka 2013 kazi hiyo ikatolewa kitabu na kuonyeshwa New York. Hakuongeza rangi wala hakukata chochote, kwa kuwa mkasi ulikuwa umekwisha kupita. Aliyoyafanya ni mawili tu: kuyaokota mabaki na kuyapanga pamoja.

Hata hivyo, mtu anayeyatazama mabaki hayo yaliyopangwa safu kwa safu hujifunza mengi kuliko ambayo angejifunza kwa uso peke yake. Huliona koti lile lile likiwa mabegani mwa watu mbalimbali, akatambua kwamba lilikuwa koti la studio, la kuazimwa, ili asiyekuwa na koti aonekane mbele ya ofisi kuwa ni mtu wa heshima. Huona pia jinsi mikono inavyokaa, ile ya mkulima na ile ya mwenye wasiwasi. Hukumbuka kwamba sehemu hiyo ya Uganda ilikaa katika vita kwa takriban miaka 20 tangu miaka ya 1980, na kwamba vitani mtu asiye na karatasi ni mtu aliye hatarini. Na kama mtazamaji ni karani, hujiuliza: ni mara ngapi ofisi imepokea uso uliobandikwa kwa gundi juu ya fomu, ikausahau mwili ulioubeba uso huo mpaka mlangoni? Hapo ndipo kazi ya sanaa inapomgusa mtumishi wa umma. Inamkumbusha kwamba ofisi huchukua kipande tu cha mtu, na kipande hicho si mtu mzima.

Lakini upo upande wa pili, nao usemwe wazi. Wale waliopigwa picha Gulu waliketi kitini kwa ajili ya kitambulisho, si kwa ajili ya ukumbi wa New York. Mtu aweza kujitetea kwamba hakuna uso, kwa hiyo hakuna aliyevunjiwa siri. Utetezi huo una uzito, lakini haumalizi maneno. Mke humtambua mumewe kwa mikono, na mtoto humjua mama yake kwa gauni. Kwa hiyo ukosefu wa uso hupunguza deni la msanii, wala haulifuti.

Mfano wa tatu ni wa mtu aliyeuelekeza mkasi kwake mwenyewe. Allan deSouza alizaliwa Nairobi mwaka 1958 katika familia yenye asili ya Goa, akahamishiwa Uingereza akiwa bado mtoto, na baadaye akawa msanii na mwalimu wa chuo kikuu nchini Marekani. Baba yake alikuwa amepiga slaidi za familia nchini Kenya katika miaka ya 1960, miaka ile ya uhuru na matumaini makubwa. Kati ya miaka 2004 na 2005 deSouza alizichapa upya slaidi hizo, akaziacha nakala hizo nyumbani mwake mahali ambapo maisha ya kila siku hupita: bafuni, jikoni, sakafuni. Vumbi likazishika, nywele zikanasa, maji na vyakula vikazimwagikia, hata sura zikafifia. Kisha akazipiga picha tena katika hali hiyo ya uharibifu, akaziita kwa jina lenye maana ya picha zilizopotea.

Mtu wa haraka atasema kwamba huo ni upuuzi: kwa nini mtu aharibu picha za wazazi wake? Lakini yafaa kutafakari kidogo. Kila mwenye albamu ajua kwamba picha huharibika yenyewe. Unyevu wa ziwa huingia chini ya kioo, mchwa huingia kabatini, na mvua hupenya batini. Juu ya hayo, kumbukumbu ya mtu aliyeondoka nyumbani utotoni huharibika vivyo hivyo: hubaki rangi ya gauni, kivuli cha mti na sauti isiyo na maneno. DeSouza aliuonyesha uharibifu huo badala ya kuuficha. Na hakumkosea mtu, kwa sababu mbili. Picha zilikuwa za nyumba yake, na alichokiacha kiharibike kilikuwa nakala.

Mfano wa nne watoka kwa majirani wa magharibi, ambako Kiswahili nacho ni lugha ya mitaani. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Mji huo ulikua kwa shaba, chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo mali yake ilichukuliwa na serikali ya Kongo mwaka 1967 na baadaye kujulikana kwa jina la Gécamines. Baloji alizipata picha za kumbukumbu za enzi ya kampuni hiyo: wafanyakazi wa Kiafrika waliopangwa safu, mabwana wa Kizungu waliovaa nguo nyeupe. Katika kazi yake ya mwaka 2006, iitwayo *Mémoire*, yaani Kumbukumbu, aliwakata watu hao kutoka katika mandhari yao ya zamani akawasimamisha, wakiwa bado katika rangi nyeusi na nyeupe, mbele ya picha zake za rangi za viwanda vilivyochakaa na milima ya taka za madini.

Wafu wale wanaonekana wamerudi kukagua walichokijenga. Mtazamaji haulizi tena swali moja tu la nani aliyewatesa, bali huuliza pia nani aliyeacha mitambo ioze. Ndiyo maana kazi hiyo haikumfurahisha mtetezi wa ukoloni, wala haikumwacha mtawala wa baada ya uhuru akilala usingizi. Katika kazi nyingine, iliyoonyeshwa mjini Ostend nchini Ubelgiji mwaka 2014, Baloji alichukua albamu ya ofisa mmoja wa Kibelgiji, Henry Pauwels, aliyewinda Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, akaiweka pamoja na picha za vita za mwandishi wa habari wa Goma, Chrispin Mvano. Mwindaji alikuwa amejipiga picha juu ya mizoga. Albamu yake ikageuzwa kuwa ushahidi.

Je, Baloji naye hakuchukua picha za watu bila kuwauliza? Kwa hakika alichukua. Lakini hapo pana tofauti ambayo haifai kupuuzwa. Picha za wale wafanyakazi hazikuwahi kuwa zao. Zilipigwa na mwajiri, zikahifadhiwa na mwajiri, kwa faida ya mwajiri. Mara nyingi hata majina yao hayakuandikwa. Mkasi uliowatoa katika ghala la kampuni ulikuwa unawarudisha kwa watoto wao. Ni jambo jingine kabisa kumtoa mtu katika albamu ya mama yake na kumpeleka kwa wageni. Basi kipimo si mkasi wenyewe, bali ni njia ambayo picha inapita: inatoka kwa nani, na inakwenda kwa nani. Inafaa kukumbuka pia kwamba kituo cha sanaa ambacho Baloji alishiriki kukianzisha Lubumbashi kinaitwa Picha, neno lile lile litumiwalo Mkolani.

Kwa walimu upo mfano wa tano ambao hautasahaulika kwa urahisi. Msanii wa Kifaransa Christian Boltanski, aliyefariki mwaka 2021, alikuta picha ya darasa: wanafunzi wa shule ya sekondari ya Kiyahudi mjini Vienna, mwaka 1931. Picha kama hiyo ipo katika kila shule ya Mwanza. Walimu huketi mbele, wanafunzi husimama nyuma kwa kufuata urefu. Boltanski alizikuza nyuso za wanafunzi hao moja moja hata zikawa ukungu wenye mashimo ya macho, akaziweka juu ya masanduku ya bati na kuzielekezea taa. Hakueleza habari za yeyote kati yao. Hakuwa na haja, maana kila mtazamaji alijua yaliyowapata Wayahudi wa Vienna tangu mwaka 1938. Wapo waliomlaumu kwa kuwafanya watu wenye majina kuwa vivuli visivyo na majina. Lawama hiyo ni ya haki kwa sehemu yake, na ina fundisho: picha ikishapoteza jina, yeyote aweza kuifanya atakalo.

Mwanza ina sababu yake ya kulielewa jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ilipokuwa ikikaribia mji huu, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Wengi walizikwa Igoma katika makaburi ya pamoja, na wengine hawakupatikana kamwe. Kwa jamaa wa aliyezama bila kuonekana, picha iliyo ukutani si pambo. Ndiyo kaburi. Hapo ndipo huwekwa ua, na hapo ndipo mjukuu hupelekwa aambiwe, "Huyu ndiye babu." Msanii atakayeichukua picha ile bila kubisha hodi, hata kama nia yake ni kuomboleza, atakuwa amefukua kaburi. Lakini msanii atakayekwenda kwa jamaa wale, akaketi, akasikiliza, akapewa nakala, akazipanga picha hizo pamoja zikiwa na majina yake, huyo aweza kuujengea mji mnara ambao saruji haiwezi kuujenga. Takwimu hutaja mamia. Picha zilizopangwa zingetaja mmoja, na mwingine, na mwingine.

Kutokana na mifano hiyo, masharti manne yanajitokeza. La kwanza ni kwamba mwenye picha aulizwe; na kama amekufa, waulizwe jamaa zake. La pili, mkasi ukate nakala, na picha ya asili irudi kabatini kwa mwenyewe. La tatu, jina liende pamoja na uso, isipokuwa pale ambapo mwenyewe ataka lifichwe. La nne, waliotoa picha wawe wa kwanza kuiona kazi, katika mahali pao, kabla haijapelekwa kwa wageni. Msanii asiyeweza kuyatimiza yote, kwa sababu picha imeokotwa na mwenyewe hajulikani, ana wajibu wa kumtafuta kwanza, na asipompata, kukiri hadharani kwamba hakumpata.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi ya mpiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu taarifa zinazomtambulisha mtu, na uso ni miongoni mwake. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila sebule. Kazi hiyo ni ya adabu, na adabu hufundishwa.

Hapo ndipo mwalimu na mtumishi wa umma wanapoingia. Mwalimu wa historia au wa sanaa aweza kuwaambia wanafunzi wake wasilete picha za nyumbani, bali wazipige kwa simu au wazitolee nakala, baada ya kuomba ruhusa. Waandike nyuma ya nakala jina, mahali na mwaka. Kisha wazikate na kuzibandika wakitunga historia ya mtaa wao. Katika kuuliza majina hayo, mwanafunzi atazungumza na bibi yake kuliko alivyopata kuzungumza naye mwaka mzima. Naye mtumishi wa ofisi, anaposafisha majalada ya zamani, asizichome picha zilizomo kana kwamba ni takataka. Ipo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yenye kituo hapa Mwanza, na utaratibu wa kuteketeza nyaraka umewekwa na sheria. Kadhalika studio za zamani zinapofungwa, negativu zake hutupwa jalalani zikiwa na nyuso za mji mzima. Afisa utamaduni anayejua thamani ya kitu hicho aweza kuwahi kabla ya gari la taka. Mfano wa uhifadhi hauko mbali: huko Bujora, Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yametunza ngoma, vyombo na viti vya watemi ambavyo pengine vingekwisha kuwa kuni.

Wako watakaosema kwamba katika nchi yenye upungufu wa madawati haya ni mambo ya anasa. Jibu lao liko ukutani mwa nyumba zao wenyewe. Nyumba inapoungua, mtu akishawatoa watoto hurudi ndani, na mara nyingi anachokirudia ni sanduku la vyeti na picha. Vyeti ni kwa ajili ya ofisi. Picha ni kwa ajili ya nini, kama si kwa kuwa mtu hataki waliokuwapo waonekane kama hawakuwahi kuwapo?

Basi Ndugu Walimu na Ndugu Watumishi, msanii apewe nafasi yake, na mkasi wake usiogopwe. Lakini kabla hajakata, na abishe hodi. Na asipoitikiwa "karibu", auweke mkasi chini.